Gunia la Ngumi la Wamaza

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa sindano mbili na uzi mmoja, lakini ngozi sikupewa. Ilikuwa Kasongo, katika atelye ya misioni, yaani karakana ya ngozi, wakati wa Wabeleji. Fratere, yaani bruda wa misioni, aliyekuwa Mkuu wa Atelye aliniketisha kwenye benchi karibu na dirisha, akaniambia nishone hewa. Nilidhani ananitania. "Mukono wa kuume unatoka, wa kushoto unaingia," alisema, "na ile uzi katikati haiulize nani alianza." Nikashona hewa asubuhi nzima, natoa, naingiza, huku wenzangu waliotangulia wakinicheka mpaka machozi. Mmoja wao akauliza hiyo suruali ya malaika itakwisha lini.

Huo ndio mshono wa sindano mbili, na ninyi mnaoshona kwa mashine hamuujui. Uzi mmoja una sindano kila mwisho. Unatoboa ngozi kwa msharasi, kile chuma chenye ncha na mpini wa mti, kisha sindano zote mbili zinapita katika tundu lile lile, moja ikienda, nyingine ikirudi. Uzi ukikatika mahali pamoja, jirani zake wanashika. Wa mashine ukikatika, gunia lote linafunguka kama mdomo wa mlevi. Msinijibu, nimeyaona mabegi yenu ya shule.

Atelye ilikuwa na harufu ya nta, ya ngozi iliyolowekwa, na ya moshi wa pipa la kuchemshia maganda ya miti. Asubuhi ukungu wa mto Lualaba ulikuwa ukipanda hadi kwetu, ukaingia dirishani polepole, ukakaa juu ya meza pamoja na vyombo vyetu. Mpaka leo nikifumba macho nakaa pale tena. Naona mikono yangu ikifanya kazi, na mikono hiyo bado haina mishipa.

Tulishona mikanda, viatu, matandiko ya baiskeli, mikoba ya kubebea barua. Gunia la ngumi lilikuja kwa sababu ya Mupe, yaani padri, aliyesimamia chama cha vijana. Yeye alichoka kuona vijana wa kazi wakimaliza Jumapili kwenye pombe, akatangaza kwamba watacheza bokse, yaani ndondi. Bwana wee, watu walicheka! Mtu anavua shati lake zuri ili apige gunia, na gunia halikumtukana? Lakini Mkuu wa Atelye alilipokea jambo lile kwa heshima yote. Alinichagua mimi nishone.

Sikieni linavyotengenezwa. Ndani unaweka turubai kuukuu ya kamiyo, yaani ya lori, nje ngozi ya ng'ombe, na mshono unaugeuza uelekee ndani ili usichane vidole vya mtu. Juu unafunga pete za chuma na mnyororo. Kisha unajaza, na kujaza ndiko kazi yenyewe. Sisi wa Kasongo tulijaza mbegu za pamba. Kiwanda cha kuchambulia pamba kilikuwa karibu, na mbegu zilikuwa zimelundikana huko kama vilima. Mbegu ya pamba ina manyoya madogo yanayobaki mwilini mwake, kwa hiyo ni nzito lakini haiumizi mkono. Unatia kidogo, unatwanga kwa mchi, unatia tena. Halafu gunia likikaa linashuka, tumbo linakuwa jiwe na kifua kinakuwa kitupu, basi lazima uliteremshe mara kwa mara, ulipindue, ulitwange upya. "Gunia iko kama mutu muzee," Mkuu wa Atelye alisema. "Ukimuacha mahali pamoja, anakuwa muzito chini."

Lilitundikwa chini ya bati, kavu kabisa, na kutoka benchi langu nilikuwa nalisikia. Baada ya muda sikuhitaji kutazama ni nani anapiga. Karani wa posta alipiga mara nyingi na kwa woga. Seremala alipiga mara moja, akakaa, akafikiri, akapiga tena. Nilishona huku ngumi zile zikija kwa mbali, dum, dum, na nyakati nyingine sikujua kama nimelala au niko macho. Kazi ilikuwa inaendelea yenyewe.

Kutoka pale nilipelekwa Nyangwe kwa muda, kutengeneza matandiko na mikanda ya mashine ndogo ya kukoboa mpunga. Bosi wangu alikuwa Mkuu wa Magazini, yaani wa ghala, Mbeleji mnene aliyeogopa maji. Aliishi kando ya mto mkubwa kama ule na hakupanda mtumbwi hata siku moja. Alikuwa anatuma watu ng'ambo, kisha anasimama ukingoni mpaka warudi, akiwaita kwa majina. Nilimpenda kwa hilo. Nyangwe sina mengi ya kusema, isipokuwa kwamba wavuvi walipita alfajiri wakizungumza kwa sauti za chini, na sauti zao zilikuja juu ya maji mpaka kitandani kwangu, zikanifanya nisitake kuamka.

Ndipo nikaitwa Wamaza, upande wa Kabambare, na huko ndiko ninakotaka kuwafikisha.

Aliyeniita alikuwa Agronomu, yaani bwana wa kilimo wa serikali, aliyesimamia pamba ya upande ule. Kijana wa Bulaya, mrefu, mwenye pua iliyovunjika, kwa sababu kwao alikuwa amecheza bokse kweli kweli. Alikuwa amesikia habari ya gunia la Kasongo, akataka la kwake. Nilifika kwa kamiyo mpaka barabara ilipoishia, kisha kwa miguu, na sanduku la vyombo kichwani.

"Weye iko fundi?" aliniuliza.

"Ndiyo, Bwana."

"Gunia moya. Nguvu. Miye napiga kila asubui. Unaelewa?"

"Naelewa, Bwana."

"Na glavu. Mbili, na mbili tena. Labda siku moya mutu atakuya kucheza na miye." Alisema hivyo kama mtoto anayeishi mbali na wenzake. Sikumchukia, na leo pia simchukii, ingawa mtaona kwamba ningekuwa na haki.

Furaha yangu ya kwenda Wamaza ilikuwa nyingine. Yaya wangu Bonifasi, yaani kaka yangu mkubwa, tumbo moja baba mmoja, alikuwa ameoa huko na kuhamia huko, na kwa kuwa alijua kusoma walimfanya kapita wa pamba. Kapita ndiye aliyepewa mbegu na Agronomu azigawe kwa watu, kisha azunguke mashambani kuhakikisha kila mume amelima kipande chake. Pamba ilikuwa amri. Usipolima, gereza na fimbo. Nilikaa nyumbani kwake. Bibi yake, Mama Veronika, mwanamke wa Kibangubangu, alinipikia ugali wa muhogo na samaki, akaniita bwana yake mudogo, akanitania juu ya kutokuoa kwangu mpaka nikaona aibu kula.

Lakini utani wenyewe ulikuwa na upungufu. Alikuwa anaukatisha katikati, anatazama mlangoni, kisha anaendelea. Mwaka uliotangulia walikuwa wamemzika kitinda mimba wao. Nililijua hilo kabla sijafika. Kilichomuua sikukijua.

Sasa, watu wa kazi wakati ule walikuwa na usemi. Mtu anayepigwa na wa juu na wa chini, naye hana pa kurudishia, walimwita gunia la ngumi. Makapita wote walikuwa hivyo. Shamba likiwa na majani, Agronomu anamfokea kapita. Mtu akipelekwa gerezani, jamaa zake wanamtemea kapita mate. Nilimwona yaya wangu akitembea njiani Wamaza, mtu mwenye mabega mapana kama mlango, na wanawake wanageuza nyuso zao kana kwamba amepita mbwa. Alikuwa anasalimia vilevile. "Jambo, mama. Jambo, baba." Hakuna anayejibu. Mimi nikamuuliza.

"Yaya, unavumilia vipi?"

"Wana njaa, mudogo wangu. Mutu wa njaa hana salamu."

Nilishona gunia nyumbani kwa yaya. Wakati wa kujaza, Agronomu aliniambia nitie unga wa mbao. Wamaza hapakuwa na mashine ya kupasua mbao, unga huo ningeutoa wapi? Nikafanya kama tulivyofanya Kasongo sikuzote. Bonifasi alikuwa na mbegu zilizobaki baada ya kugawa, nikazichukua zote, nikatwanga vizuri, nikafunga. Ndani ya Wamaza yote hapakubaki mbegu nyingine ya pamba isipokuwa ile iliyokuwa ndani ya gunia langu. Agronomu hakuuliza nimetia nini. Alipiga mara tatu, akatabasamu, akanipa mkono.

Lilitundikwa kwenye barza ya nyumba ya wageni wa serikali, ambako alikuwa akilala akija Wamaza, na wakati ule alikuwa amekuja kukaa. Barza hiyo ilikuwa na paa la majani. Kila alfajiri, kabla ya apeli, yaani kabla watu hawajapangwa kuitwa majina yao, tulisikia ngumi zake. Dum, dum, katika ukungu. Kijiji kizima kiliamka kwa sauti ile. Hata ndoto zetu zilijifunza mwendo wake.

Mvua ikaja. Watu walikuwa wamepanda pamba kwa mistari iliyonyooka kama walivyoamriwa, na pamba haikuota. Siku zikapita, mihogo ya porini ikaota, majani yakaota, hata nguzo za ua zikatoa machipukizi, lakini mistari ile ilikuwa mitupu. Agronomu alitembea huku na huku na suruali yenye matope mpaka magotini.

"Kapita! Shamba iko kipara! Juu ya nini?"

"Sijui, Bwana."

"Mbegu imekufa, ao watu iko wanacheza na miye?"

"Sijui, Bwana."

Basi alisema mbele ya watu wote, kwenye apeli, na ndilo neno lililobeba kila kitu. Alikuwa ametuma habari Kasongo kwa Mkuu wa Kilimo, yule aliyekuwa juu yake. Mkuu huyo atakuja. Akiona kwamba mbegu ilikuwa mbovu, kosa ni la magazini, wakati wa kupanda pamba umepita, watu wapande chakula. Akiona kwamba mbegu ilikuwa nzima, watu wameifanyia kitu, na kapita aliyeigawa atakuwa wa kwanza kupigwa fimbo na kufungwa, kisha wengine watamfuata, na mbegu nyingine italetwa, nao wataipanda mbele ya polisi.

Niliumia kwa ajili ya yaya wangu. Kwa hiyo mnaweza kuona furaha yangu asubuhi ile. Nilikwenda barzani kulipindua gunia, kama kazi inavyotaka. Agronomu alikuwa amekwenda kijiji cha jirani, arudi siku ya pili yake. Paa lilikuwa limevuja juu ya boriti, maji yalikuwa yameshuka kwa mnyororo, na gunia lilikuwa na joto. Nililikumbatia ili niliteremshe, nikahisi joto kifuani, kama la mtoto mwenye homa. Kisha nikaona. Katika mshono wangu, kati ya tundu na tundu, vilikuwa vimetoka vijani vidogo viwili viwili, vimekunjana bado, vya rangi ya kijani hafifu. Pamba! Gunia langu limeota pamba! Nilisimama nikitazama, na ukungu ulikuwa unapita kati yetu, na sikujua kama ninaota.

Nikakimbia. "Yaya! Yaya, umepona! Mbegu yako iko hai! Inaota ndani ya gunia!"

Bonifasi alikuwa ananawa uso. Alibaki na maji mikononi mpaka yakaisha yote kupitia vidoleni.

"Nani ameona?"

"Mimi tu. Lakini Bwana akirudi nitamwonyesha, atajua wewe uligawa mbegu nzuri..."

"Funga kinywa."

Hakuwahi kuniambia hivyo tangu utoto. Mama Veronika alitoka jikoni, akatutazama wote wawili, akaketi chini palepale mlangoni.

"Mwambie," alisema.

"Wameichemsha," yaya akasema. "Wanawake wote wa Wamaza. Nilipogawa mbegu, waliipeleka jikoni, wakaichemsha, wakaianika, ndipo waume wakaipanda. Mistari mizuri, umeiona mwenyewe."

"Na wewe ulijua?"

"Chungu cha kwanza kilikuwa chetu."

Mama Veronika ndiye aliyeendelea, bila kunyanyua sauti. "Shemeji, mwaka ule tulikuwa tunapalilia pamba, muhogo haukupandwa. Mutoto wangu alikufa pamba ikiwa nyeupe mpaka mulango ya nyumba. Nyeupe yote ile, na chungu kikavu. Sitaona tena ile rangi mbele ya nyumba yangu. Hata wanifunge."

"Na hao wanaomtemea mate yaya? Hawajui kwamba anajua?"

"Wakijua, mutu mumoja atasema," Bonifasi alijibu. "Kapita asiyependwa hashukiwi na Bwana. Waache wateme."

Tukalileta gunia nyumbani, nikieneza habari kwamba mshono umefunguka. Nilipolikata, ndani mbegu zilikuwa moto, zimeshikana, nyingi zimetoa mikia myeupe. Kuzimwaga haikufaa, zingeota popote. Kuzichoma haikufaa, harufu ya mafuta yake ingejaza kijiji. Mama Veronika alitazama lile lundo, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nilimsikia akicheka kwa moyo wote.

"Sasa hata gunia litakula chakula cha chungu chetu," alisema.

Zilizoota tukazichagua, tukazisaga pamoja na majivu. Zilizobaki zilichemshwa, chungu baada ya chungu, na mimi nikiwa natwanga sombe, majani ya muhogo, nje ili kelele na harufu ziwe za chakula. Halafu zikaanikwa kwenye kichaga juu ya moto, kwa sababu jua halikuwepo. Mbegu yenye maji haikauki haraka, jamani. Na ikirudishwa gunini ikiwa mbichi itaoza na kunuka. Fundi anajua muda wa kazi yake, na muda wenyewe hatukuwa nao, kwa sababu Agronomu alirudi.

"Gunia yangu iko wapi?"

"Inashonwa, Bwana."

Siku iliyofuata akaja tena, amekwisha kuvaa glavu, jasho halijamtoka. "Iko wapi?"

"Bado inashonwa, Bwana."

"Leta ile nione. Miye mwenyewe nitasaidia."

Tulikuwa kwenye uwanja wa apeli. Watu wote walikuwa wamepangwa. Agronomu akaanza kutembea kuelekea nyumbani kwa yaya, ambako kichaga kilikuwa kimejaa na Mama Veronika amekaa mbele ya mlango. Ndipo Bonifasi akatoka mstarini, akamkata njia, akavua kofia yake ya ukapita.

"Bwana, gunia ikiwa inashonwa, mimi niko."

Agronomu hakuelewa. Kisha akaelewa, na uso wake ukafunguka kwa furaha. "Kapita! Weye unataka kucheza bokse?"

"Nataka, Bwana."

Zile glavu za pili, nilizozishona kwa ajili ya mtu ambaye labda angekuja siku moja, alivalishwa yaya wangu. Mimi ndiye niliyemfunga kamba. Aliniangalia kwa upole kabisa. "Kausha vizuri," alininong'oneza. "Usiharakishe."

Alipigwa asubuhi ile, na asubuhi iliyofuata, na zilizofuata. Ukungu ulikuwa chini bado, miguu yao haikuonekana, ungesema wanaelea. Agronomu alikuwa anapaza sauti, "Piga! Weye piga miye!" Bonifasi alinyanyua mikono akaishusha. Angempiga Mzungu mbele ya watu, huo ungekuwa mwisho wa mambo yote. Na kama mkono wake angeutumia kweli, yule kijana asingeinuka, mimi namjua yaya wangu. Basi alisimama tu, akaanguka, akasimama. Mshono wangu mwenyewe uliandikwa kwenye shavu lake, tundu kwa tundu. Baada ya kila mchezo Agronomu alimkumbatia, akampa sigara, akamwambia kesho atakuwa mzuri zaidi. Aliamini ni mchezo. Huyo ndiye mtu niliyesema simchukii, nami nasema hivyo kwa shida.

Na watu? Watu walicheka. Kapita wa pamba anapigwa mbele yao kila siku, wao wangefanya nini? Walikuja mapema kuliko apeli ili wapate nafasi mbele. Kijana mmoja alipiga kelele, "Gunia! Simama, Gunia!" na jina likamkaa mwilini. Wanawake waliochemsha mbegu walicheka kuliko wote. Nilikuwa narudi nyumbani, nageuza mbegu juu ya kichaga kwa kiganja, nalia, na moshi unanipa sababu ya kulia.

Siku moja ngumi ilimpata sikioni. Jioni nilimwita kutoka upande ule, hakugeuka. Hakusikia tena upande ule mpaka kufa kwake.

Mbegu zikakauka. Nilijaza gunia, nikatwanga, nikashona kwa mshono wa sindano mbili, na sijawahi kushona vizuri kama vile. Lilitundikwa. Agronomu aliligonga, akasema limekuwa zuri zaidi. Na Mkuu wa Kilimo akafika.

Alikuwa mzee mkavu, wa maneno machache, mwenye miwani aliyoifuta kila mara. Alitazama mistari mitupu, akaokota udongo, akaunusa. Akauliza kama imebaki mbegu hata kidogo, aijaribu mwenyewe. Wakamwambia imekwisha. Akarudi barzani, amechoka, akakaa kitini, akawa anatazama gunia likizunguka kwenye mnyororo wake. "Ndani iko nini?" akaniuliza.

Nilimtazama yaya. Aligeuza lile sikio lake zima.

"Mbegu, Bwana Mkuu. Ya magazini ileile."

Agronomu alishangaa. Mkuu wa Kilimo akainuka upesi kama kijana, akanifanya nifungue mshono, akatoa mbegu mikono miwili. Zilikuwa zimeuawa kwa maji ya moto, lakini zilinukia jasho na ngozi tu, na yeye akanusa jasho na ngozi. Akazipanda ndani ya sanduku la udongo palepale barzani, akamwagia maji kwa kikombe chake mwenyewe, akakaa Wamaza akingoja. Kila asubuhi kijiji kizima kilipita karibu na barza kwa visingizio, huyu na ndoo, huyu na mbuzi. Wanawake waliacha kucheka. Mama Veronika hakula.

Hakuna kilichoota. Mkuu wa Kilimo alifukua mbegu kwa kidole, akazitazama, akazitupa. "Imeungua katika magazini," alisema. "Wamelundika, ikapata joto, ikafa. Hawa watu hawana kosa." Na akatoa ruhusa, msimu ule wapande chakula.

Walipanda muhogo, mpunga, karanga. Nilikaa mpaka nikaona mavuno, kisha nikarudishwa Kasongo kwenye benchi langu. Nilishona miaka mingi pale. Mkuu wa Atelye alizeeka akarudi kwao, mwingine akaja, akaenda, uhuru ukafika, nikawa mimi ndiye mkuu wa benchi mpaka macho yalipokataa kuona tundu la sindano. Siku niliyoacha kazi nilijikuta natembeza mikono hewani, wa kuume unatoka, wa kushoto unaingia. Bado nafanya hivyo nikisinzia, bibi yangu ananiambia.

Wamaza waliendelea kumwita yaya wangu Gunia. Baada ya uhuru nilimwambia, sasa hakuna Mbeleji, niruhusu niseme. Akacheka. "Nizunguke vijiji nikitangaza kwamba nilipigwa kwa faida yao? Wewe unaona haya ya nini? Walikula, au hawakula?" Nikasema walikula. "Basi." Alikufa na jina lile, na Mama Veronika akamfuata, na wale wanawake wa vyungu pia wamekwisha. Nimebaki mimi.

Furaha, mjukuu wake, anakaa kwangu hapa Kasongo kwa ajili ya masomo. Wiki iliyopita alirudi kutoka sokoni bila kununua kitu, amekasirika. Mama mmoja muuza unga, mtu wa Wamaza, amemwambia mbele ya wateja: "Kumbe wewe ndiye wa ukoo wa Gunia! Yule aliyekuwa anapigwa na Wazungu kwa sigara!" Watu wakacheka. Yeye akaacha kikapu akakimbia.

Nilimketisha nikamweleza yote, kama nilivyowaeleza ninyi. Kisha akauliza, "Huyo mama muuza unga alizaliwa lini, Babu?"

Nikafikiri. Nilimfahamu mama yake. "Msimu ule ule," nikamwambia. "Wakati wa kuvuna zile karanga."

Jana alirudi sokoni. Nilimfuata kwa nyuma na fimbo yangu, polepole, maana sikuziamini hasira zake. Yule mama alimwona, akamwita kwa sauti, tena kwa lile jina. Furaha akageuka.

"Naam," akaitika. "Ndiyo mimi."